Harold Hurst: mtu aliyehesabu miaka ya ukame

Ukivuka mto Simiyu mwishoni mwa kiangazi utaona mchanga mwingi kuliko maji. Watu huchimba vishimo mchangani ili kupata ndoo moja ya maji, na ng'ombe hugombania vidimbwi vilivyobaki. Rudi mahali hapo hapo baada ya mvua kubwa. Utakuta maji ya tope yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna anayethubutu kuvuka.

Maji hayo huelekea wilaya ya Magu na kuingia Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Hapo ndipo Nile Nyeupe inapoanza safari ya kwenda Sudan na Misri. Kwa hiyo, msikilizaji wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa au Busega, wewe na mkulima wa Misri mnaishi katika bonde moja la mto. Yeye yuko mwisho wa mfereji, wewe uko karibu na chanzo.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyelipima bonde hilo kwa muda mrefu kuliko karibu mtaalamu mwingine yeyote wa zama zake. Jina lake ni Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyekwenda Misri kwa muda mfupi akaishia kufanya kazi huko miaka 62. Swali lililomsumbua ni lile linalomsumbua kila mwenye lambo au kihenge: akiba iwe kubwa kiasi gani ili isiishe kabla miaka mibaya haijaisha?

Mtoto wa fundi

Hurst alizaliwa tarehe 1 Januari 1880 katika kijiji cha Wigston, karibu na mji wa Leicester, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga nyumba, mtu wa kipato cha kawaida. Kijana aliacha shule akiwa na miaka 15. Alikuwa amejifunza kemia kidogo shuleni, na useremala kutoka kwa baba yake.

Hakuishia hapo. Alipata kazi ya kufundisha watoto huku yeye mwenyewe akiendelea kujifunza, na jioni alihudhuria masomo ya ziada. Akiwa na miaka 20 alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alichagua fizikia. Hesabu zilimpa shida, kwa sababu msingi wake wa shule haukuwa kama wa wenzake waliotoka familia zenye uwezo. Hata hivyo alimaliza na daraja la kwanza, kisha akabaki chuoni hapo miaka mitatu akifundisha na kuwaongoza wanafunzi katika maabara.

Ule useremala wa utotoni haukupotea bure. Katika maisha yake yote Hurst alikuwa mtu wa kushika vitu kwa mikono: kutengeneza vifaa, kuvijaribu, kuvisahihisha. Tabia hiyo ndiyo iliyomfaa alipokutana na mto.

Mzinga wa saa sita mchana

Mwaka 1906 Hurst alikwenda Misri, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza wakati huo. Kazi yake ya kwanza haikuhusu maji. Alitakiwa kupeleka saa sahihi kutoka kituo cha kutazama nyota hadi kwenye ngome ya Cairo, ambako mzinga ulipigwa kila siku saa sita mchana ili watu wa mji walinganishe saa zao.

Lakini ndani ya Misri huwezi kukaa bila kufikiria mto. Mvua huko ni haba mno. Chakula, pamba, mifugo na watu wote hutegemea Nile, na Nile huleta maji yaliyonyesha nchi nyingine: milima ya Ethiopia, na eneo la maziwa makuu ambalo Simiyu ni sehemu yake. Mkulima wa Misri anaweza kuharibikiwa na msimu kwa sababu ya mvua ambayo hakuiona na mawingu ambayo hayakupita juu ya shamba lake.

Hurst aliingia katika idara ya serikali iliyoitwa Idara ya Fizikia, na baadaye akawa mkurugenzi wake mkuu. Idara hiyo ndiyo iliyosimamia vipimo vya Nile. Alisafiri bondeni kwa mashua, kwa miguu pamoja na wapagazi, kwa baiskeli, kwa gari, na baadaye kwa ndege. Katika miaka ya 1920 alichapisha taarifa kuhusu nyanda za maziwa, eneo linalolisha Nile Nyeupe. Tangu mwaka 1931 yeye na wenzake walianza kutoa mfululizo wa vitabu kuhusu bonde la Nile, vilivyojaa tarakimu za mvua, vina na mtiririko. Miongoni mwa wenzake wa karibu walikuwa R. P. Black na Mmisri Y. M. Simaika. Kutokana na kazi hiyo alipewa jina la Abu Nil, yaani Baba wa Nile.

Mto unapimwaje?

Hapa tusimame kidogo, maana kazi ya Hurst haieleweki bila kujua jinsi mto unavyopimwa. Elimu hii huitwa haidroliki ya mikondo wazi, yaani elimu ya maji yanayotiririka huku uso wake ukiwa wazi kwa hewa: mto, mfereji, mtaro wa barabarani. Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa rasilimali za maji huisoma kwa undani. Msingi wake, hata hivyo, unaweza kuufuata ukiwa umekaa chini ya mwembe.

Chukulia uko kwenye daraja. Unagawa mto katika vipande kwa upana, kama unavyogawa shamba kwa matuta. Kwa kila kipande unapima upana wake, kina chake, na kasi ya maji. Ukizidisha vitu hivyo vitatu unapata kiasi cha maji kinachopita. Kipande chenye upana wa mita 2, kina cha mita 1, na kasi ya nusu mita kwa sekunde, kinapitisha mita 1 ya ujazo kila sekunde. Hiyo ni lita 1,000 kwa sekunde, au lita 3,600,000 kwa saa. Kisha unajumlisha vipande vyote.

Ugumu uko kwenye kasi. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, na ya katikati kuliko ya pembeni, kwa sababu sakafu na kingo za mto huyashika. Ukitupa kijiti na kukimbizana nacho, utapata kasi ya juu tu. Ni lazima uipunguze, kwa kawaida hadi asilimia 85 hivi, ndipo uikaribie kasi ya wastani. Wapimaji wa kazi hii hutumia kifaa chenye gurudumu dogo linalozungushwa na maji. Hukizamisha hadi karibu asilimia 60 ya kina kutoka juu, kwa sababu hapo kasi huwa karibu na wastani wa maji yote.

Huwezi kufanya hivyo kila siku. Ndiyo maana kando ya mto husimamishwa ubao wenye namba, na mtu wa kijijini huajiriwa kusoma maji yamefika namba gani. Wapimaji wakija mara kadhaa, maji yakiwa machache na yakiwa mengi, wanapata chati: maji yakifika namba fulani, mto unapitisha kiasi fulani. Kuanzia hapo, msomaji wa ubao anatosha. Kwenye mito ya mchanga kama Simiyu na Duma kazi ni ngumu zaidi, maana mafuriko huchimba na kuhamisha sakafu ya mto. Chati ya mwaka jana inaweza kudanganya mwaka huu, hivyo inabidi kupima upya.

Hurst alikuwa mkali katika jambo hili. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, lilikuwa na milango 180 ya kupitishia maji, na kujua ni kiasi gani hasa kinapita milangoni lilikuwa jambo la uhai kwa Misri. Pamoja na mwenzake aliyeitwa Watt, alitengeneza mifano midogo ya milango hiyo na kuijaribu, ili kuona kama maji katika mfano mdogo yanatenda kama maji katika mlango mkubwa. Walichapisha matokeo yao katika miaka ya 1920. Mtoto wa fundi alikuwa bado anajenga vitu vidogo ili kuelewa vikubwa.

Kihenge cha magunia mangapi?

Bwawa la kwanza la Aswan, hata lilipoongezwa kimo mara mbili, lilikuwa akiba ya mwaka mmoja. Lilikusanya maji mwishoni mwa mafuriko na kuyatoa kiangazi kilichofuata. Mafuriko yakiwa mabaya mwaka huo, hapakuwa na cha kukusanya. Hurst aliona kwamba Misri inahitaji akiba ya kuvuka miaka mingi. Yeye na wenzake waliita wazo hilo akiba ya karne: ghala lenye ukubwa wa kutosha kuvuka miaka mibaya itakayotokea ndani ya miaka 100.

Lakini ghala hilo liwe na ukubwa gani?

Tutumie mfano wa nyumbani. Familia inakula magunia 10 kwa mwaka. Mwaka mzuri inavuna 15, mwaka mbaya inavuna 5. Kwa wastani inavuna 10, kwa hiyo inatosha. Miaka ikipokezana, mzuri kisha mbaya, kihenge cha magunia 5 kinatosha: ziada ya mwaka huu inaziba pengo la mwaka ujao. Sasa chukulia miaka mitatu mizuri inafuatana, kisha mitatu mibaya. Wastani haujabadilika, bado ni 10. Lakini sasa familia inahitaji kihenge cha magunia 15. Mwenye kihenge cha magunia 5 atalala njaa katika mwaka wa pili mbaya, ingawa mvua ya wastani haikupungua hata tone.

Basi jambo kubwa si wastani. Jambo kubwa ni mpangilio: je, miaka mibaya hutawanyika, au huja kwa makundi?

Wahandisi wengi wa wakati ule walichukulia kwamba miaka huja ovyo, kama sarafu inayorushwa: mwaka huu haujui mwaka jana ulikuwaje. Hurst hakutaka kuchukulia tu. Alianza kwa kurusha sarafu kweli. Alirusha sarafu kumi kwa pamoja, tena na tena, akiandika matokeo. Alichanganya na kugawa karata pia. Kwa njia hiyo alijua bahati tupu ingedai ghala la ukubwa gani.

Kisha akageukia mto. Misri ina hazina ambayo nchi chache duniani zinayo. Katika kisiwa cha Roda, Cairo, ipo nguzo ya mawe yenye alama za kupimia Nile, na kumbukumbu za vipimo vya mto mjini humo zinaanzia mwaka 622. Vizazi na vizazi vya wasomaji vipimo, ambao wengi wao hatujui hata majina yao, walishuka ngazi, wakatazama alama, wakaandika. Hurst alichukua kumbukumbu hizo, akaongeza takwimu za mvua, mito, maziwa, joto, pete za miti zinazoonyesha umri wake, na matabaka ya tope chini ya maziwa. Alikusanya mamia ya mifululizo ya tarakimu kutoka sehemu nyingi za dunia. Kompyuta alikuwa hana. Alikuwa na karatasi, kalamu na wasaidizi.

Matokeo yalimpa jibu moja kila mahali. Dunia si sarafu. Miaka mizuri ina tabia ya kuandamana na mizuri, na mibaya kuandamana na mibaya, bila kufuata kalenda inayoweza kutabiriwa. Alilipa jambo hilo kipimo. Kwa bahati tupu, kipimo hicho ni 0.5. Katika maumbile alipata wastani wa karibu 0.73. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa kanuni yake, ghala la kuvuka miaka 100 linatakiwa kuwa kubwa kwa takriban asilimia 40 kuliko lile ambalo bahati tupu ingedai.

Alichapisha utafiti huo mwaka 1951, katika jarida la chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani. Alikuwa na miaka 71. Wataalamu wa takwimu waliguna, maana nadharia zao hazikuweza kueleza tabia hiyo, na ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Alikiita kipimo hicho kwa herufi H, kwa heshima ya Hurst, na tabia ya miaka kufuatana akaipa jina la Yusufu, yule wa miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa nchini Misri, anayejulikana kwa wasomaji wa Biblia na wa Kurani. Leo kipimo cha Hurst kinatumika mbali kabisa na mito, hata katika uchunguzi wa bei za masoko na mapigo ya moyo.

Ziwa letu kama ghala la wengine

Sasa turudi kwenye Ziwa Victoria, maana Hurst aliliweka katikati ya mpango wake.

Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Ukilipandisha kwa mita moja tu, umehifadhi karibu kilomita za ujazo 69 za maji. Nile yote iliyokuwa ikifika Aswan kwa mwaka ilihesabiwa kuwa wastani wa kilomita za ujazo 84. Hakuna bwawa la kujengwa kwa mikono linaloweza kushindana na hilo kwa urahisi. Tena Hurst aliona faida ya pili. Ghala jangwani hunyonywa na jua kali, lakini ziwa tayari lipo, na kulipandisha kidogo hakuongezi sana uso unaopoteza maji. Kila mwenye lambo anaijua hesabu hii: lambo pana lenye kina kifupi hukauka upesi, na lambo lenye kina kirefu hudumu.

Mpango wake, pamoja na Black na Simaika, ulitolewa mwaka 1946. Ulitaka akiba iwekwe katika maziwa Victoria na Albert, na mfereji mkubwa uchimbwe Sudan Kusini ili maji yakwepe vinamasi vya Sudd, ambako karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotea. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya umeme wa Uganda. Misri ilikubali kulipia gharama za kuliongeza kimo kwa mita moja, ili ziwa liweze kutumika kama ghala.

Msikilizaji, hapa ndipo penye uchungu. Vitabu vya Hurst vilihesabu maji kwa umakini usio na kifani, lakini swali lilikuwa la Misri na jibu lilikuwa kwa ajili ya Misri. Mkataba wa mwaka 1929, uliofanywa na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake, ulikataza ujenzi wowote katika mito na maziwa ya bonde hilo ambao ungepunguza maji ya Misri, isipokuwa kwa idhini ya Misri. Wasukuma, Wakerewe, Waluo, Wahaya na Wasoga wanaoishi kando ya ziwa hawakuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika chini ya Julius Nyerere ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba huo. Tangu hapo nchi za bonde zimekuwa zikitafuta makubaliano mapya, na Tanzania ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa mwaka 2010.

Lakini vipimo havikupotea. Pale Jinja, kabla ya bwawa, maji yalikuwa yakimwagika juu ya mwamba wa maporomoko ya Ripon. Wapimaji walikuwa na chati yake: ziwa likiwa na kina fulani, maji kiasi fulani hutoka. Maporomoko yalipozama, chati hiyo ikawa sheria. Bwawa lilitakiwa kutoa maji yale yale ambayo mwamba ungetoa. Ziwa liliposhuka sana kati ya mwaka 2004 na 2006, wataalamu waliweza kuonyesha kwamba ukame haukuwa sababu pekee, bali maji yalikuwa yakitolewa Jinja kuliko chati inavyoruhusu. Waliweza kusema hivyo kwa sababu kuna watu waliopima zamani.

Ziwa lilimfundisha Hurst na wenzake unyenyekevu pia. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa zililipandisha kwa zaidi ya mita mbili, bila bwawa lolote kulisukuma, na lilikaa juu kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2020 lilifika tena kiwango cha aina hiyo. Hapo ndipo tabia aliyoigundua, ya miaka kufuatana, ilipojionyesha mbele ya macho ya watu wote wa ufukweni.

Mwisho wa safari

Serikali mpya ya Misri, baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, haikutaka akiba ya uhai wake ikae katika nchi za watu. Iliamua kujenga Bwawa Kuu la Aswan ndani ya mipaka yake. Kazi ilianza mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970. Hurst alijua kwamba jua la jangwani lingenyonya maji mengi huko, na kweli hunyonya, karibu kilomita za ujazo 10 kila mwaka. Lakini wazo la msingi lilikuwa lile lile alilolipigania: ghala la miaka mingi, si la mwaka mmoja. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutambua haja ya bwawa kubwa Aswan, na aliendelea kuwa mshauri wa serikali ya Misri hata baada ya tawala kubadilika.

Alikuwa na mke, Marguerite, na watoto wawili wa kiume. Alirudi Uingereza akiwa mzee sana, na alifariki tarehe 7 Desemba 1978, akikaribia miaka 99.

Mtihani mkubwa wa kazi yake ulikuja baada ya kufa kwake. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1988 Nile ilileta maji machache karibu kila mwaka, mwaka mbaya nyuma ya mwaka mbaya. Nchini Ethiopia, ambako mvua hizo zilikosekana, njaa ya mwaka 1984 iliua watu wengi mno. Misri, ambayo zamani ingeangamia kwa ukame wa aina hiyo, ilikula akiba ya Bwawa Kuu mwaka baada ya mwaka. Ghala lilishuka hadi hali ya kutisha, kisha mwaka 1988 mafuriko mazuri yakarudi. Bwawa la mwaka mmoja lisingefika.

Yanayotuhusu

Simiyu ni mkoa wa pamba, mahindi, mtama, mpunga wa majarubani na mifugo mingi, na mvua zake hazitabiriki. Mzee yeyote wa Usukuma anajua kwamba mwaka mbaya mara nyingi hauji peke yake. Ngitili, zile nyasi za akiba zilizotengwa zisichungiwe hadi kiangazi, ni hesabu ya aina hiyo hiyo iliyofanywa bila karatasi. Mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kupitia Busega hadi Itilima na Bariadi, kisha Maswa na Meatu, nao umetokana na ukweli kwamba malambo madogo hayavuki ukame wa miaka kadhaa.

Kwa hiyo kijiji kinapojadili lambo jipya, kuna maswali mawili ya kumuuliza mtaalamu. La kwanza: lambo hili limepimwa kwa mwaka mmoja mbaya, au kwa miaka miwili au mitatu inayofuatana? La pili: kina chake ni kiasi gani, na jua litachukua kiasi gani kabla ng'ombe hawajanywa? Jua la kwetu linaweza kunyonya zaidi ya mita moja ya kina kwa mwaka.

Na ukiona ubao wenye namba umesimama kando ya mto Simiyu au Duma, usiung'oe kwa ajili ya kuni, wala usiwaache watoto waupige mawe. Mtu anayeusoma kila siku anaandika tarakimu ambazo leo zinaonekana hazina maana. Wasomaji wa nguzo ya Roda nao hawakujua kwamba baada ya zaidi ya miaka 1,000 angetokea mtoto wa fundi wa kuzihesabu. Waliandika tu, siku hadi siku, na ndipo nchi nzima ikajua ghala lake lijengwe kwa ukubwa gani.